Simu ilirootiwa, ikarudishiwa fimwea ya kiwandani, sasa laini zote mbili hazisomi. Wajuvi wa Kigoma na Tabora njooni

#1 Kibirizi Kwetu
Wakuu, habari za jioni. Simu ni ya mdogo wangu wa kike, anafanya biashara ya mawese na dagaa kati ya Kagunga na hapa mjini. Ni hizi za Kichina za bei ya kawaida, chipu ni MediaTek Helio G85, Android 12. Mwaka jana kijana mmoja wa mtaani alimrootia, yaani alimfungulia mamlaka kamili juu ya mfumo wa simu, ili afute programu zilizokuja na simu na matangazo yaliyokuwa yanamaliza bando. Ikakaa vizuri tu mpaka programu ya benki ilipopata toleo jipya, ikawa haifunguki tena, inaandika kifaa si salama. Akaipeleka kwa fundi mmoja pale Mwanga airudishie fimwea, yaani programu za mfumo, kama ilivyotoka kiwandani.

Imerudi inawaka, Magisk (programu iliyotumika kuirooti) haipo, Wi-Fi inashika. Ila laini zote mbili zinaandika hakuna huduma. Laini hizo hizo nikiziweka kwenye kitochi zinapiga. Fundi anasema "mtandao wa simu umekufa, tafuta nyingine". Siamini, maana kabla ya kuflashiwa (kuandikiwa mfumo upya) ilikuwa inapiga vizuri. Kilichotokea ni nini, na inarudi au hairudi?

#2 Reli ya Kati
Mkuu, piga *#06# utuambie inaleta nini. Kisha ingia Mipangilio, Kuhusu simu, tazama mstari wa bezibandi (toleo la programu ya redio ya simu), una maandishi au umeandikwa haijulikani? Bila hayo mawili tutabaki kupiga ramli.

#3 Asali ya Sikonge
Nimevuta kigoda, nasubiri wajuvi. Ninayo ya kwangu naogopa kuipeleka kwa fundi kwa sababu kama hizi.

#4 Gungu Boy
Hakuna cha ramli hapo. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wameifungia. Simu feki zinazimwa tangu 2016. Tuma IMEI, namba ya utambulisho wa simu, kwenda 15090 utapata jibu lako.

#5 Fundi Ujiji
Gungu Boy, simu iliyokuwa inapiga asubuhi, ikaingia kwa fundi, ikatoka haisomi, unakimbilia TCRA? Anza na fundi kwanza.

Mtoa mada, kazi hii naifanya kila siku. Simu za MediaTek tunaziflashi kwa SP Flash Tool. Unapakia faili la skata, ambalo linaieleza kompyuta kila patisheni (sehemu ya hifadhi) inakaa wapi kwenye hifadhi ya simu. Halafu unachagua moja kati ya tatu: Download Only, Firmware Upgrade, au Format All + Download. Ya kwanza inaandika mafaili uliyoyatia tiki, mengine haiyagusi. Ya tatu inapangusa hifadhi nzima ndipo iandike.

Shida iko hapo. Kwenye hifadhi hiyo kuna patisheni za nvram na nvdata. Ndimo zinamokaa IMEI, anwani za Wi-Fi na Bluetooth, na vipimo vya redio vilivyowekwa kiwandani kwa ajili ya simu hiyo moja peke yake. Fimwea ya kupakua mtandaoni haina vitu hivyo, kwa sababu kila simu ina vyake. Ukipangusa, vimekwenda. Simu inawaka inang'aa lakini haina kitambulisho.

#6 Kibirizi Kwetu
Asanteni. Majibu haya hapa. *#06# inaleta IMEI ya kwanza, ya pili pako wazi. Bezibandi ina maandishi marefu. Kitu kingine, kwenye orodha ya Wi-Fi, chini ya Wi-Fi ya jirani, kuna jina linasomeka NVRAM WARNING: Err = 0x10. Kuna mtu huku kwetu ameita ruta yake hivyo?

#7 Fundi Ujiji
Hiyo si ruta ya mtu. Ni simu yenyewe inakulilia. Chipu ya MediaTek ikikosa data za Wi-Fi kwenye nvram inaliweka onyo hilo kwenye orodha kama jina la mtandao, na inaendelea kufanya kazi kwa anwani ya kubuni. Kwangu kesi imefungwa, alipiga Format All.

#8 Reli ya Kati
Usiifunge haraka, fundi. Angepangusa nvram yote, IMEI ya kwanza imetoka wapi? Ingetakiwa zote mbili ziwe wazi. Mtoa mada, linganisha hiyo iliyopo na ya kwenye boksi. Kama hazifanani, basi kuna mkono wa mtu umeandika namba humo baada ya kuflashi.

#9 Kibirizi Kwetu
Boksi liko Kasulu kwa mama. Nitamwomba anisomee.

#10 Mwalimu wa Heru Juu
Mnakimbia na nvram, kuna jambo la pili hamjaligusa. Kwenye furushi la fimwea kuna faili linaitwa md1img, hiyo ndiyo fimwea ya modemu, sehemu ya simu inayoongea na minara. Simu ya jina moja huuzwa ikiwa na bodi tofauti na masafa tofauti kulingana na soko. Fundi akipakua fimwea kwa kutazama jina la biashara tu nyuma ya mfuniko, bila kulinganisha nambari ya muundo, anaweza kuweka modemu isiyokubaliana na bodi. Bezibandi itaonyesha maandishi, mtandao hautasoma. Simu ya mwanafunzi wangu wa zamani ilipatwa na hilo, na pamoja na mtandao, kioo kikawa hakihisi vidole upande wa chini, kwa sababu draiva ya kioo (programu inayokiendesha) nayo ilikuwa ya toleo jingine.

Kioo cha mdogo wako kinagusika kote?

#11 Kibirizi Kwetu
Kinagusika chote mwalimu.

#12 Mwamba wa Ng'ambo
Tabora tupo. Mimi nasema simu ilifunguliwa mfuniko. Mafundi wengine huchomoa betri kwanza, na wakifunga hawarudishi vizuri ule waya mwembamba wa antena unaokimbia pembeni ya bodi. Ukichomoka, mtandao hakuna. Mnamtisha dada wa watu na mambo ya nvram kumbe ni kiwaya.

#13 Fundi Ujiji
Mwamba, kiwaya hakifuti IMEI.

#14 Mwamba wa Ng'ambo
Kweli, hakifuti. Lakini nani kasema tatizo ni moja? Inaweza kuwa fundi kafanya yote mawili.

#15 Mama Dagaa Kagunga
Mimi ndiye mwenye simu, kaka amenipa namba ya uzi huu nisome. Naongeza neno. Nikiwa Kagunga nikitafuta mitandao kwa mkono, orodha inakuja yote, mitandao yetu na ya Burundi. Naiona kwa majina. Nikichagua wowote inasubiri kidogo halafu inaandika umekataliwa, simu za dharura tu. Kwa hiyo si kwamba haisikii. Inasikia, ila haipokelewi.

#16 Reli ya Kati
Karibu dada, na hilo ulilosema lina uzito kuliko yote tuliyoandika. Orodha ikija, antena inafanya kazi na redio inapokea. Mwamba, kiwaya chako kimepungukiwa nguvu. Na modemu ya mwalimu nayo imepungukiwa kidogo, ingawa haijafa, kwa sababu modemu inaweza kupokea vizuri ikashindwa kutuma. Kinachobaki juu ni kitambulisho. Mtandao unaiuliza simu wewe ni nani, inajibu kwa namba batili au iliyofungiwa.

#17 Gungu Boy
Iliyofungiwa. Asante kwa kunirudisha mchezoni. Kama kuna mtu kaandika IMEI ya kwanza kutoka kwenye simu nyingine iliyokwisha ripotiwa kuibwa, tumerudi pale pale nilipoanzia. Tuma 15090.

#18 Mwalimu wa Heru Juu
Hilo halina kiburi ndani yake, ni la maana. Ukipata jibu lenye chapa na modeli tofauti na simu uliyoshika, namba hiyo si yake.

#19 Asali ya Sikonge
Naomba kuuliza kando kidogo. Mimi nataka kurooti ili nifute programu za kiwandani tu. Kuna aliyeniambia nipakue KingRoot nibonyeze kitufe kimoja. Je?

#20 Reli ya Kati
Usithubutu. Programu za kitufe kimoja zilitegemea matundu ya usalama ya Android za zamani, za 4 na 5 huko. Simu ya leo haina matundu hayo, na programu yenyewe inakuachia takataka zake. Watu sasa wanatumia Magisk, iliyoanzishwa na John Wu mwaka 2016, na hiyo inataka butiloda iliyofunguliwa, yaani ile programu inayoamua mfumo upi uruhusiwe kuwaka.

Lakini kwa unachotaka huhitaji rooti hata kidogo. Washa Chaguo za wasanidi programu kwa kugonga nambari ya muundo mara saba, washa Utatuzi wa USB, chomeka kwenye kompyuta yenye adb (chombo cha kuiamuru simu kupitia waya), kisha andika:

adb shell pm uninstall --user 0 jina.la.kifurushi

Programu inaondoka kwako, haiwaki, haili bando. Faili lake la asili linabaki kwenye mfumo, kwa hiyo ukijuta unairudisha, na ukirejesha simu kiwandani nayo inarudi. Butiloda haijafunguliwa, benki haigombi. Usifute tu chochote usichokijua. Ukigusa kiolesura cha mfumo au programu ya simu yenyewe, utakaa usiku unatafuta namna ya kuirudisha.

#21 Binti Nzega
Na kwa bando, NetGuard inazuia programu moja moja zisiingie mtandaoni bila rooti. Inajifanya VPN ndani ya simu yenyewe. Naitumia, inafanya kazi. Ubaya wake huwezi kuwasha VPN nyingine wakati huo huo.

#22 Kijana wa Katubuka
Mnawatia watu uoga. Rooti ina raha yake. Unatengeneza ukuta wa kuzuia matangazo simu nzima, unachukua bekapu ya programu pamoja na data zake, simu ya zamani unaiwekea Android mpya ambayo kiwanda hakikuileta. Tatizo la uzi huu halikuletwa na rooti. Limeletwa na kuitoa rooti kwa shoka. Mbona rahisi, angefanya kurejesha kiwandani kwenye mipangilio, rooti inaondoka.

#23 Fundi Ujiji
Nusu ya kwanza uko sawa, nusu ya mwisho hapana. Kurejesha kiwandani kunafuta data za mtumiaji. Magisk haikai huko, inakaa kwenye patisheni ya boot, ile inayowasha mfumo. Utafuta picha na meseji zako zote halafu rooti iko pale pale.

#24 Kijana wa Katubuka
Sawa, nimekuelewa fundi. Sasa itolewe vipi?

#25 Reli ya Kati
Hapa ndipo panaponiuma kwenye kisa cha dada yetu, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Unaporooti kwa Magisk, unachukua boot.img ya toleo lile lile lililo kwenye simu yako, Magisk inaitia viraka, unairudisha kwa fastboot, njia ya kuandika mafaili kwa waya simu ikiwa kwenye butiloda. Simu zilizotoka kiwandani na Android 13 kuendelea, nyingi faili ni init_boot.img. Kilichobadilika kwenye mfumo ni faili hilo moja, na kwa simu nyingine vbmeta, faili la kuthibitisha uhalali wa mfumo. Kuitoa rooti, ndani ya programu ya Magisk kuna kitufe cha kuiondoa na kurudisha boot ya asili. Kikigoma, unaiandika boot.img ya asili kwa mkono:

fastboot flash boot boot.img

Basi. Dakika chache, na nvram haijaguswa. Simu ya dada haikuhitaji kupanguswa, wala haikuhitaji fimwea ya GB kadhaa. Fundi alibomoa nyumba ili abadilishe kitasa.

Fimwea nzima ina siku yake: simu inazunguka kwenye nembo, au mfumo umeharibika huna boot ya asili. Siku hiyo utaratibu wangu ni huu. Kabla ya lolote, soma patisheni zenye data za simu hiyo peke yake, yaani nvram, nvdata, nvcfg, protect1, protect2, persist na proinfo, uzihifadhi kwenye kompyuta na sehemu nyingine tena. SP Flash Tool ina sehemu ya kusoma, na MTKClient inafanya hivyo kwa simu nyingi, ukishika vitufe vya sauti huku unachomeka waya ikiwa imezimwa. Kisha linganisha nambari ya muundo herufi kwa herufi na ile ya fimwea. Tumia Download Only. Ondoa tiki kwenye preloader (programu ndogo ya kwanza kuwaka) kama haina ulazima, maana preloader isiyo yake inaiua simu isiwake hata taa. Tumia laptopu yenye chaji, usitumie kompyuta ya mezani inayotegemea umeme wa ukutani, umeme ukikatika katikati ya kuandika umeachiwa mfumo nusu. Na waya uwe mzima. Waya unaokatika ukiutikisa umeua simu nyingi kuliko virusi.

#26 Fundi Ujiji
Nakuunga mkono ila Firmware Upgrade nayo si mbaya. Inazihifadhi patisheni za nvram yenyewe, inapanga upya, inazirudisha. Mteja akija na simu iliyopangwa patisheni kwa mpangilio wa zamani, Download Only haikubali kabisa.

#27 Reli ya Kati
Inazihifadhi, ndiyo, mpaka waya uchomoke kati ya kuhifadhi na kurudisha. Mimi nikiwa na nakala yangu pembeni ndipo naigusa.

#28 Mwalimu wa Heru Juu
Mmenipa wazo la tatu juu ya IMEI moja kubaki. Labda fundi alitumia hiyo Firmware Upgrade, ikakatika katikati, ikarudisha nvram nusu. Hapo huhitaji mkono wa mtu wala simu ya wizi.

#29 Fundi Ujiji
Inawezekana. Sijawahi kuiona ikiacha moja na kufuta moja, ila inawezekana.

#30 Binti Nzega
Na kwa wenye Samsung msichukue haya yote mkayaweka kule. Samsung huflashiwa kwa Odin, na mafaili ni BL (butiloda), AP (mfumo), CP (modemu) na CSC (mipangilio ya nchi na mtandao). Ukiweka CSC inafuta data, ukiweka HOME_CSC inaziacha. Butiloda yake ina namba ya toleo, ukijaribu kurudi kwenye ya chini inakataa. Na ukishaweka kitu kisicho cha Samsung, fyuzi ya Knox, mfumo wa usalama wa Samsung, inaungua, inasomeka 0x1, na hairudi hata ukiweka fimwea halali. Samsung Pay na Folda Salama umeziaga.

#31 Gungu Boy
Kwa hiyo ni kweli kwamba rooti haifutiki hata ukiflashi.

#32 Binti Nzega
Alama ya Knox ndiyo haifutiki. Rooti yenyewe inafutika. Na hiyo ni Samsung, simu ya uzi huu haina Knox.

#33 Mama Dagaa Kagunga
Naomba mnijibu la benki. Hata sasa baada ya kuflashi, nimeiunganisha na Wi-Fi, programu bado inaandika kifaa si salama. Magisk haipo. Kwa nini?

#34 Reli ya Kati
Ukiiwasha, kabla ya nembo, kuna maandishi madogo yanayosema hali ya butiloda?

#35 Mama Dagaa Kagunga
Yapo. Orange State, kisha sekunde chache inaendelea.

#36 Reli ya Kati
Ndiyo hiyo. Butiloda bado iko wazi. Programu nyingi za benki huuliza Google kupitia Play Integrity, na simu yenye butiloda wazi haipiti kipimo cha kifaa hata kama haina rooti. Dawa ni kuifunga kwa fastboot flashing lock, na hilo litafuta data zako upya. Lakini usiifunge leo. Ukiifunga wakati kuna faili lolote ndani si la asili, simu inakataa kuwaka, na mlango wa kuitengeneza umeufunga mwenyewe. Malizeni kwanza suala la IMEI.

#37 Mwamba wa Ng'ambo
Wakati huo huo dada pesa yako usiikose. *150*00# na wenzake *150*01#, *150*60#, *150*88# hawaulizi butiloda. Laini weka kwenye kitochi, biashara iendelee.

#38 Mama Dagaa Kagunga
Ndivyo ninavyofanya kaka, asante. Ila wateja wa mjini wananitumia oda kwa picha, kitochi hakionyeshi.

#39 Kijana wa Katubuka
Mbona mnazunguka, si aandikiwe tu IMEI za kwenye boksi? Kuna programu zinafanya hivyo.

#40 Mwalimu wa Heru Juu
Taratibu kijana. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inalifanya kosa kubadili IMEI.

#41 Kijana wa Katubuka
Kubadili, mwalimu. Kuirudisha ile ile ya kwake si kubadili.

#42 Fundi Ujiji
Mimi siandiki IMEI ya mtu, hata aje na boksi. Leo boksi ni lake, kesho mwingine analeta boksi la kuokota, nitajuaje? Naelekeza kituo cha huduma cha chapa husika, wao wana kumbukumbu za kiwanda. Na hata IMEI zikirudi, vile vipimo vya redio havirudi kwa kuandika namba. Simu itasoma mtandao lakini inaweza kushika dhaifu.

#43 Reli ya Kati
Hapo ndipo ninapomtaka yule fundi wa Mwanga. Aulizwe kwa upole kama alichukua nakala kabla ya kuflashi. Programu nyingi za mafundi huhifadhi nakala zenyewe kwenye folda yake bila hata kuambiwa. Kama kompyuta yake haijafutwa, nvram ya dada inaweza kuwa imelala pale sasa hivi.

#44 Kibirizi Kwetu
Nimetoka kwake. Anasema hakuchukua nakala, ila amekubali niende kesho mchana tukatafute wote kwenye kompyuta. Na mama amepiga, amesoma boksi: IMEI ya kwanza inafanana na iliyo kwenye simu, tarakimu zote.

#45 Mwalimu wa Heru Juu
Inafanana! Basi hakuna mkono wa mtu.

#46 Gungu Boy
Au alikuwa na boksi mkononi alipoandika?

#47 Kibirizi Kwetu
Boksi halijawahi kutoka Kasulu.

#48 Fundi Ujiji
Mara nyingi IMEI huwa imebandikwa pia kwenye karatasi ndogo chini ya mfuniko, au kwenye kijisahani cha laini. Angeweza kuisoma pale. Na kama ni yake halali, kwa nini mtandao unaikataa? Nenda kesho, angalia kwenye kompyuta yake mafaili yenye tarehe ya siku ile, usimwache afungue kitu chochote na simu ikiwa imechomekwa.

#49 Mwamba wa Ng'ambo
Ukienda, jaribu na laini moja tu, ile ya tundu la kwanza, tundu la pili liwe tupu. Isiposoma hapo ndipo nitarudi na kiwaya changu.

#50 Asali ya Sikonge
Reli ya Kati, ile amri ya adb imekubali, nimetoa programu sita na simu inawaka. Sasa kuna kifurushi kimeandikwa com.mediatek.ims, nacho nitoe?

#51 Reli ya Kati
Hicho kiache hapo hapo. Ni cha simu za sauti kupitia 4G.